Kifaa cha kupunguza moshi si adui wa betri ya pikipiki

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI imekuwa tegemeo kubwa la usafiri katika maeneo mengi ya Tanzania, mijini na vijijini. Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambako mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka na njia nyingi hupanda na kushuka milima, chombo hicho ndicho kinachomfikisha mgonjwa kwenye zahanati, mwanafunzi shuleni na mkungu wa ndizi sokoni.

Kwa mwendesha bodaboda wa Kyimo, kata iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, asubuhi ambayo betri imegoma ni asubuhi ya hasara. Abiria wa kwanza huchukuliwa na mwenzake, na jioni hesabu ya mwenye pikipiki haipungui eti kwa sababu betri ilikufa.

Ndiyo maana ushauri wowote unaoahidi kurefusha maisha ya betri hupokewa kwa haraka. Mojawapo ya ushauri unaosikika katika vijiwe na gereji ni ule wa kung'oa vifaa vya kupunguza moshi. Mpira unaotoka kwenye kasha la kichujio cha hewa kwenda kwenye kichwa cha silinda hukatwa na kuzibwa, masega yaliyomo ndani ya bomba la moshi hutobolewa, na mwenye chombo huambiwa kwamba sasa betri yake itapumua, kwa kuwa vifaa hivyo vilikuwa vinakula umeme.

Je, madai hayo yana ukweli? Jibu kwa ufupi ni kwamba vifaa vingi vya aina hiyo havitumii umeme hata chembe, na vile vichache vinavyotumia huchukua kiasi kidogo. Zaidi ya hapo, kuving'oa bila utaalamu kunaweza kuwa ndiko kunakoiua betri. Ili kuelewa kwa nini, hatuna budi kuanza na moshi wenyewe.

Moshi una nini

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na hidrojeni. Ikiungua kikamilifu ndani ya silinda hutoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Lakini katika injini halisi kuungua huko huwa si kamili. Sehemu ya kaboni hutoka ikiwa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Sehemu nyingine ya petroli hutoka bila kuungua kabisa, na joto kali la silinda huunganisha nitrojeni na oksijeni za angani kuwa oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha mapafu.

Kwa anayeishi mjini, hewa hizo ndizo anazovuta akiwa kwenye foleni, katikati ya pikipiki na bajaji zilizomzunguka. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa pikipiki wameweka vifaa kadhaa vya kuzipunguza. Kwa pikipiki ndogo za biashara, vinavyostahili kujulikana ni vinne.

Cha kwanza ni vali ya hewa ya pili. Hii ndiyo yenye mpira unaokatwa gereji. Kila moshi unapotoka kwenye silinda kwa kishindo, nyuma yake hubaki mvuto mfupi. Mvuto huo hufungua kijibamba chembamba ndani ya vali na kuingiza hewa safi kwenye njia ya moshi. Petroli iliyobaki na kaboni monoksidi hukutana na oksijeni hiyo zikiwa bado na moto, zikamalizikia kuungua humo humo njiani.

Cha pili ni katalisti, yaani masega ya chuma au kauri yaliyomo ndani ya ekzosi, yakiwa yamepakwa tabaka jembamba la madini ya thamani kama platini, paladi na rodi. Moshi ukipita juu ya madini hayo ukiwa na joto la kutosha, sumu zake hugeuzwa kuwa hewa zisizo na madhara makubwa. Kifaa hiki hakiwezi kufanya kazi pamoja na petroli yenye risasi, kwa sababu risasi hufunika madini hayo. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, mwezi Juni mwaka 2001, kuachana na petroli ya aina hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 utekelezaji wake ulikuwa umekamilika.

Cha tatu ni kopo la mkaa, ambalo hunasa mvuke wa petroli unaotoka kwenye tenki na kuurudisha kwenye injini. Cha nne ni mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa kompyuta, unaochukua nafasi ya kabureta. Mfumo huu una pampu ndani ya tenki, kinyunyizio, kompyuta ndogo na kipimo cha oksijeni kilichochomekwa kwenye bomba la moshi.

Umeme unatumika wapi

Sasa tutazame ni kipi kati ya hivyo kinachogusa betri. Katalisti ni masega yasiyo na waya. Kopo la mkaa, kwa umbo lake la kawaida, ni mkaa ndani ya plastiki. Vali ya hewa ya pili katika pikipiki za kabureta huendeshwa na mvuto wa moshi wenyewe, na hufungwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye njia ya kuingizia mchanganyiko wa petroli pale dereva anapoachia moto ghafla. Hakuna hata tone la umeme linalopita humo.

Zipo pikipiki za kisasa ambazo vali hiyo hufungwa kwa sumaku ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Hata tukikadiria kwamba sumaku hiyo inatumia wati 6, katika mfumo wa volti 12 hiyo ni nusu ampea tu, tena wakati injini inazunguka na kuzalisha umeme wake yenyewe. Ufunguo ukizimwa, hakuna kitu.

Linganisha na taa ya mbele. Balbu ya wati 35, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za aina hii, huvuta karibu ampea 3. Betri yenye uwezo wa ampea 9 kwa saa, iwapo ingeachwa peke yake na taa hiyo bila kuchajiwa, ingeishiwa nguvu kwa takriban saa tatu. Betri ya ampea 5 isingefikisha saa mbili. Dereva akiongeza taa mbili za ziada za wati 20 kila moja, amejiongezea mzigo wa zaidi ya ampea 3. Hapo bado hajachaji simu wala kuwasha redio yenye spika.

Mlaji mkubwa kuliko wote ni stata. Kwa sekunde chache inapozungusha injini, huvuta makumi ya ampea. Tuchukue mfano wa ampea 50 kwa sekunde 5. Jaribio moja la namna hiyo halina neno, lakini majaribio kumi mfululizo huondoa karibu ampea 0.7 kwa saa, yaani zaidi ya sehemu ya kumi ya betri ndogo ya ampea 5. Ikiwa mfumo wa kuchaji unairudishia betri ampea moja, itamlazimu dereva aendeshe kwa zaidi ya dakika 40 ili kufidia alichokitumia kabla hajaondoka nyumbani. Dereva anayefanya safari za dakika tano tano, akizima na kuwasha, hawezi kulipa deni hilo.

Mfumo wa kunyunyizia mafuta ndio pekee miongoni mwa vifaa vinne ambao kweli unahitaji umeme kila wakati. Pampu, kinyunyizio na kompyuta haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Hata hivyo, mtengenezaji anayeweka mfumo huo huweka pia koili za kuzalisha umeme zinazoweza kuuhimili. Mzigo wake umo ndani ya hesabu. Mzigo usiomo ni ule unaoongezwa baada ya pikipiki kutoka dukani.

Imani hiyo ilitoka wapi

Kama ukweli ndio huo, kwa nini lawama zimeangukia vifaa vya moshi? Sababu ya kwanza ni kwamba vilifika pamoja na mambo mengine. India, ambako pikipiki nyingi za biashara zinazotumika Afrika Mashariki zinatengenezwa, iliweka viwango vya moshi vya BS-IV kwa pikipiki zote mpya za soko lake la ndani kuanzia Aprili 2017. Mwezi huo huo sheria ya nchi hiyo ilitaka taa ya mbele iwake yenyewe muda wote injini inapofanya kazi. Aprili 2020 vikaja viwango vikali zaidi vya BS-VI, na kabureta zikaanza kuondoka kwa wingi katika soko hilo.

Si kila pikipiki inayouzwa Tanzania imetengenezwa kwa viwango hivyo, na nyingi bado zina kabureta. Lakini kwa mnunuzi aliyezoea pikipiki ya zamani, isiyo na mpira wa ziada, inayowashwa kwa kiki na yenye taa inayozimwa mchana, pikipiki mpya ilikuja na vitu vyote kwa mkupuo: mpira asioujua, stata ya kubonyeza na taa isiyozimika. Betri ilipoanza kuchoka mapema, mgeni asiyejulikana kazi yake ndiye aliyeshukiwa, ilhali stata na taa vilikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

Sababu ya pili ni namna matengenezo yanavyofanyika. Fundi anayeondoa mpira huo mara nyingi husafisha pia kabureta, hubadilisha plagi, hukaza vichwa vya betri vilivyolegea na kuichaji betri usiku kucha. Kesho yake pikipiki inawaka kwa mguso mmoja. Kazi tano zimefanyika, lakini ile iliyoacha alama inayoonekana, yaani mpira uliokatwa, ndiyo inayopewa sifa zote.

Kinachotokea ukiking'oa

Hasara huanza pale kazi hiyo inapofanywa ovyo. Vali ya hewa ya pili ina mipira zaidi ya mmoja. Ule mwembamba huunganishwa na njia ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini. Ukichomolewa na tundu lake likaachwa wazi, au likazibwa kwa kipande cha mpira kinachopasuka baada ya wiki chache, injini huanza kunyonya hewa ambayo haikupimwa na kabureta.

Matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli kidogo mno. Injini hupata shida kuwaka asubuhi, hutetereka inaposimama na hupata joto kupita kawaida. Dereva hubonyeza stata mara tano, mara kumi. Akishafanikiwa kuiwasha, huogopa kuizima, au huizima na kurudia mapambano yale yale kijiweni. Kwa njia hiyo, hatua iliyokusudiwa kuiokoa betri huwa ndiyo inayoikamua.

Kwa pikipiki za kunyunyizia mafuta mambo ni mabaya zaidi. Kipimo cha oksijeni kikiondolewa pamoja na katalisti, kompyuta hupoteza jicho lake na kurudi kwenye makadirio ya jumla, ambayo kwa kawaida humwaga petroli zaidi kuliko inavyohitajika. Matumizi ya mafuta hupanda, plagi hujaa masizi, na plagi yenye masizi huzaa tena kazi kwa stata.

Hii haina maana kwamba vifaa hivyo haviharibiki. Kijibamba cha vali kikiziba kwa masizi au kikivunjika, pikipiki inaweza kutoa milio ya kupasuka kwenye ekzosi. Masega yakiyeyuka au kuziba, injini hukosa nguvu mlimani. Lakini dawa ya kifaa kilichoharibika ni kukisafisha au kukibadilisha. Fundi akiamua kuiziba vali, walau azibe matundu yake yote kwa vifungo imara, na mwenye pikipiki ajue kwamba alichopata ni moshi mchafu zaidi na si betri yenye maisha marefu.

Betri katika nyanda za juu

Mazingira ya Rungwe yana namna yake ya kuisumbua betri. Mji wa Tukuyu uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ile ya Dar es Salaam au Tanga. Kabureta iliyorekebishwa pwani haijui kwamba imepandishwa mlimani. Humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, moshi ukawa mweusi na plagi ikaingia masizi. Pikipiki iliyonunuliwa mjini na kupelekwa huko bila kurekebishwa kabureta itawaka kwa taabu, na lawama zitaiangukia betri.

Baridi nayo ina mchango wake. Katika asubuhi za Juni na Julai, oili ya injini huwa nzito na kemikali ndani ya betri hufanya kazi polepole. Betri ile ile iliyokuwa imechoka tangu mwezi Machi, lakini ikaweza kuificha hali hiyo, hujulikana siku hiyo. Inafaa kukumbuka kwamba baridi hufichua udhaifu zaidi ya inavyousababisha. Joto la pwani ndilo linaloharakisha kuchakaa kwa bamba za betri na kukauka kwa maji yake.

Kisha kuna mvua. Unyevu ukikutana na mvuke wa asidi kwenye vichwa vya betri hutengeneza ukungu mweupe au wa kijani ambao huzuia umeme kupita. Betri inaweza kuwa nzima, na koili zinazalisha umeme vizuri, lakini chaji inaishia njiani kwenye ukungu huo. Kuusafisha ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji kipuri chochote.

Betri dhaifu huongeza moshi

Uhusiano wa betri na moshi upo kweli, ila unakwenda kinyume na inavyosemwa. Badala ya kifaa cha moshi kuidhoofisha betri, betri dhaifu ndiyo inayoweza kukiharibu kifaa cha moshi.

Katika pikipiki ambayo cheche ya plagi hutegemea umeme wa betri, volti zikishuka cheche hudhoofika. Petroli isiyoshika moto ndani ya silinda hutoka ikiwa mbichi na kwenda kuungulia kwenye katalisti. Joto hupanda kupita kiwango na masega huyeyuka. Katika pikipiki ya kunyunyizia mafuta, volti ndogo hupunguza pia nguvu ya pampu, na kompyuta hushindwa kupima sawasawa. Ndiyo maana pikipiki za aina hiyo zinaweza kukataa kuwaka kabisa betri ikifa, hata zikisukumwa, tofauti na zile za zamani ambazo cheche yake hutoka moja kwa moja kwenye koili.

Kwa maneno mengine, anayeitunza betri yake anatunza pia hewa anayoivuta abiria wake.

Kumtafuta mwizi halisi

Kabla ya kukata chochote, mwenye pikipiki amwombe fundi atumie mita ya kupimia umeme. Vipimo vitatu vinatosha kwa kuanzia.

Cha kwanza hufanyika pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma karibu na 12.0, imekwisha chaji. Cha pili hufanyika injini ikiwa imewashwa na kuongezwa moto kiasi. Mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikibaki chini ya hapo, koili, rektifaya au waya vina kasoro, na betri mpya itakufa kama ile ya kwanza. Ikizidi 15, rektifaya imeharibika na inaichemsha betri.

Kipimo cha tatu hufanywa ufunguo ukiwa umezimwa. Mita huunganishwa kati ya betri na waya wake wa hasi ili kuona kama kuna umeme unaovuja. Kinachotakiwa ni karibu na sifuri. Kama upo uvujaji mkubwa, fundi achomoe kimoja kimoja vile vilivyoongezwa, yaani king'ora cha wizi, redio, chaja ya simu na taa za ziada, hadi sindano ishuke. Mwizi hupatikana hapo mara nyingi.

Matunzo ya kila siku nayo hayana gharama kubwa. Betri ya maji ikaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji safi ya betri, kamwe si maji ya bomba wala asidi. Mpira wake wa kupumulia usizibwe, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka ikikutana na moto. Unapofungua vichwa vyake, anza na hasi, na unapofunga, malizia na hasi. Inapochajiwa nje ya pikipiki, umeme usizidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea 9 inatosha kupewa ampea 0.9. Chaja ya lori huimaliza kwa usiku mmoja.

Aidha, betri isiachwe bila chaji kwa majuma. Salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba zake huwa laini mwanzoni na kuondoka ikichajiwa, lakini ikikaa muda mrefu hugeuka chenga ngumu zisizoyeyuka. Ugonjwa huo ndio unaoua betri nyingi ndogo, na hauna uhusiano wowote na bomba la moshi.

Uchafuzi usio na moshi

Kuna jambo moja zaidi ambalo halina budi kutajwa. Betri ya pikipiki si kitu kisicho na madhara kinachotupwa na kusahaulika. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, madini yale yale yaliyoondolewa kwenye petroli kwa sababu ya hatari yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni watoto, ambao akili na ukuaji wao huweza kudhurika moja kwa moja.

Mfano mchungu uko jirani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliacha sumu ya risasi katika udongo na miili ya wakazi kabla hakijafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewaongoza wakazi kudai haki, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024.

Kwa hiyo mtu anayeng'oa kifaa cha moshi kwa matumaini ya kuokoa betri anaweza kujikuta amechafua mara mbili. Amerudisha sumu kwenye hewa, na kwa sababu chanzo halisi cha tatizo hakikuguswa, betri imekufa vile vile na kuongeza risasi nyingine kwenye lundo. Betri chakavu isipasuliwe nyumbani wala kumwagwa asidi yake mtaroni. Irudishwe kwa muuzaji au mkusanyaji mwenye kibali.

Nani afanye nini

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi, na chini yake zilitungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zinazogusa pia moshi wa vyombo vya moto. Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inatoa leseni kwa pikipiki za abiria, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linasimamia ubora wa bidhaa. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfikia kila fundi mwenye kisu mkononi chini ya mwembe.

Anayeweza kumfikia ni mteja wake. Mwenye pikipiki akiuliza swali moja tu, "Betri inasoma volti ngapi injini ikiwaka?", fundi atalazimika kuchukua mita badala ya kisu. Vyuo vya ufundi na vyama vya waendesha bodaboda vingeweza kulifanya swali hilo kuwa desturi kwa gharama ndogo, kwa sababu mita ya kawaida ni rahisi kuliko betri mpya.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kisu ni cha haraka na mita huchukua dakika kumi, lakini mita ndiyo inayomwambia dereva wa Kyimo kama atawahi abiria wake wa kwanza kesho asubuhi.